Bibi Titi Mohamed na Kiti cha Rufiji: Mhafidhina Huhifadhi Nini?

Mpunga unapotoa mashuke katika bonde la Rufiji, mkulima huhama nyumbani. Hupanda dunguni, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, na huko hushinda akifukuza ndege na kukesha akisikiliza nguruwe hadi siku ya kuvuna. Hakuna jirani anayemwita mpinga maendeleo kwa kulinda alichokipanda. Katika siasa zetu, hata hivyo, neno lenye asili ya kazi hiyohiyo ya kulinda limekuwa karibu na tusi. Neno lenyewe ni mhafidhina. Mzizi wake ni kuhifadhi, lakini tumelizoea kama jina la mtu aliyebaki nyuma wenzake wakisonga mbele.

Nataka kulipima neno hilo kwa rekodi ya mbunge mmoja aliyebeba jina la Rufiji bungeni, Bibi Titi Mohamed. Wengi wanamkumbuka kama mwanamke wa kwanza jukwaani katika TANU, chama kilichopigania uhuru, na kumbukumbu hiyo ni ya haki. Inaacha, hata hivyo, nusu ya pili ya maisha yake ya siasa, pale alipokataa kuachia vitu ambavyo chama kilimtaka aachie. Nusu hiyo ndiyo inayowahusu zaidi watu wa delta ya Rufiji, wa Mahege, Salale, Kiongoroni na Mbuchi. Nao, katika miaka ileile na miaka mingi iliyofuata, wametakiwa mara kwa mara kuacha walichokihifadhi.

Sauti iliyotoka kwenye ngoma

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika familia yenye asili ya Rufiji na Umatumbi. Shule aliishia darasa la nne, na akaolewa akiwa na umri wa miaka 14 hivi. Kabla ya siasa watu wa mji walimjua kwa sauti yake: alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Roho Mgeni. Vikundi vya aina hiyo vilikuwa na viongozi, wanachama, michango, sare na ushindani. Vilikuwa pia na desturi ya kuzikana na kuozeshana. Mwanamke aliyeviongoza alijua kuita watu, kukusanya senti zao na kuzitolea hesabu.

TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, wanawake hawakuonekana. Mwaka uliofuata John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alifika Dar es Salaam na kuuliza kama chama kina tawi la wanawake. Swali hilo likawafikisha viongozi nyumbani kwa Bibi Titi. Akapewa kadi namba 16 na kuanza kazi. Alipita kwenye vikundi vya ngoma, akazungumza na viongozi wenzake, na katika muda wa miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiunga.

Mafanikio hayo yalikuwa na sababu ambayo mara nyingi husahauliwa. Kwa waraka wa serikali wa mwaka 1953, watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na vyama vya siasa. Karani au mwalimu wa serikali aliyechukua kadi alihatarisha mshahara wake. Mwanamke aliyeuza maandazi, samaki au pombe ya kienyeji hakuwa na mwajiri wa kumwogopa, wala bosi wa kumwita ofisini. Riziki yake aliitafuta mwenyewe, na kwa hiyo alikuwa huru kusema. Jambo hili tulishike, kwa kuwa ndilo litakalotueleza kilichotokea mwaka 1967.

Jukwaani alivunja mwiko. Katika pwani ya wakati ule, mwanamke wa Kiislamu kusimama mbele ya wanaume wasio ndugu zake na kuwahutubia lilikuwa jambo la kushtua. Hata hivyo hakuvunja mwiko kwa kuikana jamii yake. Lugha, desturi, mitandao ya ngoma na adabu za Waswahili wa mjini ndizo zilizokuwa zana zake. Aliyahifadhi mengi ili apate nguvu ya kubadili moja. Mtu akimwita mwanamapinduzi bila kuliona hilo, ameona nusu tu.

Kiti na kuanguka kwake

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, Bibi Titi alikuwa miongoni mwa wanawake wachache walioingia bungeni. Alikuwa waziri mdogo aliyeshughulikia maendeleo ya jamii, na mwaka 1962 Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, ulipoundwa, yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwanamke wa darasa la nne alikuwa amefika mahali ambapo Baraza la Kutunga Sheria la kikoloni, lililoendeshwa kwa Kiingereza, lilimfungia mlango mtu wa aina yake.

Mwaka 1965 nchi ilifanya uchaguzi wa kwanza chini ya katiba ya chama kimoja. Utaratibu wake ulikuwa wa aina yake. Kila jimbo lilipata wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine nyumba. Hawakuruhusiwa kupingana juu ya sera za taifa, kwa kuwa sera ilikuwa moja. Mpiga kura alibaki na jambo moja tu la kuamua: kati ya hawa wawili, yupi wetu?

Swali hilo liliwaangusha vigogo. Paul Bomani, waziri na mmoja wa wajenzi wakubwa wa ushirika wa pamba kanda ya Ziwa, alipoteza kiti. Mawaziri wadogo kadhaa walianguka, pamoja na wabunge wengi waliokuwa madarakani. Katika jimbo la Rufiji alianguka Bibi Titi.

Wako wanaosema wapiga kura wa Rufiji walikosa shukrani. Mimi siafiki. Ukiondoa sera kwenye kampeni, umemwondolea mgombea wa kitaifa silaha yake. Bibi Titi alikuwa mtu wa taifa: mikutano ya mikoani, UWT, wizara, Dar es Salaam. Rufiji ilikuwa mbali. Barabara ya kusini ilikatwa na mto pale Ndundu, ambako watu walivuka kwa kivuko hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Kwenda vijiji vya delta kulitaka mashua na kuvizia maji yajae. Mtu wa Mahege aliyeulizwa yupi wetu, alikuwa na haki ya kujibu kwa kuhesabu safari za mbunge wake.

Kwa hiyo kuanguka kwa mwaka 1965 kunatufundisha mambo mawili kwa pamoja. Mpiga kura wa Rufiji alikuwa macho, alijua kuwajibisha hata jina kubwa. Na bunge ambalo mjadala wake mkuu umehamia kwenye vikao vya chama humwachia mpiga kura kuchagua sura ya mtu bila kuchagua hoja yake.

Nyumba

Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha, mwongozo wa TANU wa siasa ya ujamaa, lilitangazwa. Ndani yake mlikuwa na masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asimiliki nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yaliwashika wajumbe wa vikao vya juu vya TANU, mawaziri, wabunge, na viongozi wa jumuiya zilizo chini ya chama.

Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Hakuziachia. Aliachia uongozi.

Hapa ndipo jina la mhafidhina linapomshika, na hapa ndipo lazima tutazame kwa makini. Nyumba iliyozungumzwa si jumba la kifahari. Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam ni ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uwani jiko na choo. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, vingine hupangisha. Kwa mwanamke wa pwani nyumba hiyo ilikuwa bima yake ya uzee, mtaji wake na kinga yake dhidi ya talaka. Mwanamke aliyeachwa bila nyumba alirudi kwa kaka yake. Mwenye nyumba alibaki na heshima yake na ufunguo wake. Asiye na cheti cha shule wala ajira yenye pensheni hakuwa na akiba nyingine ya kutegemea.

Azimio lilikwenda mbali zaidi. Lilitafsiri kiongozi kuwa ni mtu mwenyewe pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe. Nia yake ilieleweka: kuzuia kigogo asiandike mali kwa jina la mke. Lakini kwa sheria ya Kiislamu na desturi ya pwani, mali ya mke ni ya mke. Mume hana haki nayo. Tafsiri ya Azimio iliunganisha kile ambacho dini na mila vilikuwa vimekitenga kwa karne nyingi, tena kwa kumlinda mwanamke.

Hoja ya upande wa pili ina uzito, na sitaipunja. Mwenye nyumba akitunga sheria ya kodi ya nyumba, anajitungia mwenyewe. Nchi ilikuwa changa, na viongozi wachache walikuwa wameanza kujilimbikizia mali kwa mikopo ambayo mtu wa kawaida asingeipata. Rais Nyerere aliliona hilo mapema kuliko viongozi wengi wa Afrika. Na katika vijiji vya delta, ambako hapakuwa na nyumba ya kupangisha, Azimio lilisikika kama ahadi ya haki. Mvuvi wa Mahege hakuwa na sababu ya kulia kwa ajili ya chumba cha Dar es Salaam.

Nakubali hayo yote, na bado naona sharti lile lilikosea shabaha. Liliwaweka kapu moja mwenye kampuni na mwenye vyumba sita. Liligusa pia ile chemchemi ya uhuru tuliyoiona mwaka 1955: mwanamke anayejitafutia riziki mwenyewe hana bosi wa kumwogopa. Kiongozi asiye na kitu nje ya mshahara wa umma humtegemea anayelipa mshahara huo. Mbunge wa namna hiyo akitakiwa kusema hapana, hufikiria kwanza watoto wake watakula nini. Bibi Titi alisema hapana, naye aliweza kwa kuwa alikuwa na nyumba.

Dini, chama na mahakama

Uwanja wa pili ulikuwa jumuiya ya dini. Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyojulikana kwa kifupi cha Kiingereza kama EAMWS, ilijenga shule na misikiti na ilikuwa na mpango wa chuo kikuu. Bibi Titi alikuwa mmoja wa viongozi wake. Mwaka 1968 mgogoro uliigawa, na Desemba ya mwaka huo serikali ikaipiga marufuku. BAKWATA, baraza jipya la Waislamu, ikashika nafasi yake. Jambo hili bado linaumiza hisia, na tafsiri zake ni nyingi. Katika uchambuzi huu latosha kuona mfuatano: ndani ya miaka minne mwanamke huyu alipoteza kiti bungeni, uongozi katika chama, na jumuiya aliyoitumikia nje ya chama.

Hakuwa peke yake. Oktoba 1968 TANU iliwafukuza uanachama watu kadhaa, wakiwamo wabunge Eli Anangisye na Joseph Kasella-Bantu, pamoja na Oscar Kambona aliyekwisha kwenda uhamishoni mwaka 1967. Mbunge aliyefukuzwa chamani alipoteza na kiti, hata kama waliompigia kura hawakuwa na ugomvi naye. Kiti kilikuwa cha chama. Mpiga kura alikuwa amekiazima tu.

Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa, pamoja na Michael Kamaliza aliyewahi kuwa waziri wa kazi, na maofisa wa jeshi, kwa tuhuma za kupanga kuipindua serikali. Kesi ilisikilizwa mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges kwa siku 127. Shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka alikuwa Potlako Leballo wa chama cha PAC cha Afrika Kusini, na Kambona alitajwa kuwa kinara aliyeko London. Bibi Titi alikana. Mahakama ilimtia hatiani kwa uhaini na kumhukumu kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimwachilia.

Anayempima Bibi Titi hawezi kuiruka hukumu hiyo, wala hapaswi kuigeuza kuwa maisha yake yote. Mahakama iliamua. Rais aliyekuwa mlengwa wa njama iliyodaiwa akamsamehe. Kilichofuata ni kimya cha karibu miaka 20, ambapo jina lake lilitoweka katika hotuba na sherehe. Adhabu hiyo ya kufutwa haikuwa na jaji wala tarehe ya kumalizika.

Miaka ileile bondeni

Sasa turudi Rufiji. Mwaka 1968 mto ulifurika vibaya, na serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji, mojawapo ya operesheni za kwanza kabisa za kuhamisha watu kwenda vijiji vya ujamaa. Watu wa bondeni walipandishwa kwenye miinuko, mbali na maji. Hoja ilikuwa nzuri: usalama, shule, zahanati, maji safi.

Lakini mafuriko ya Rufiji ni zaidi ya maafa. Ndiyo mbolea ya bonde. Maji hujaza mashamba tope jipya, mpunga hukua pamoja nayo, na yakishapungua mkulima hupanda mlau, yaani mazao ya kutumia unyevu ulioachwa na mto: mahindi, kunde, pamba. Aliyehamishiwa mlimani alibaki na shamba lake bondeni, saa kadhaa za kutembea kwa miguu. Ndege na nguruwe hawakumsubiri. Wengi waliendelea kushuka, wakaishi madunguni msimu mzima, na baadhi wakarudi kabisa.

Mambo haya mawili, nyumba ya Bibi Titi na shamba la mtu wa bondeni, huandikwa katika vitabu tofauti. Mimi nayaona kama jambo moja. Katika miaka ileile, dola yenye nia njema ilimwambia kiongozi aache nyumba na ikamwambia mkulima aache bonde. Pande zote mbili kulikuwa na sababu ya maana. Pande zote mbili aliyeambiwa hakuulizwa kwanza alichokuwa anakilinda na kwa nini. Wabunge waliopaswa kuuliza kwa niaba yake walikuwa wameshaona yanayowapata wanaouliza.

Historia imeendelea kuirudisha hoja hiyo mlangoni kwa watu wa delta. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ilitaka kugeuza sehemu ya delta kuwa mashamba ya kamba, kwenye eneo la hekta 10,000 hivi. Baraza la mazingira, NEMC, lilishauri mradi ukataliwe. Baraza la Mawaziri likaukubali mwaka 1997. Wanakijiji, wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira wa LEAT, waliupinga mpaka mahakamani, na mradi haukutimia. Leo mikoko ile, ambayo ni kubwa kuliko popote Afrika Mashariki, imo ndani ya eneo la Ramsar la Rufiji, Mafia na Kilwa lililotangazwa mwaka 2004. Waliozuia isifyekwe kwa ajili ya mabwawa walikuwa wahafidhina katika maana yangu.

Hata uhifadhi nao unaweza kumgeukia mtu. Mikoko imekuwa msitu wa serikali tangu enzi ya Wajerumani, na katika miaka ya karibuni wakulima wa mpunga ndani ya delta wametakiwa kuondoka ili miti irudi. Juu mtoni, Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mto ambao mababu waliusoma kwa mvua na mwezi sasa unasomwa pia kwa mageti. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na makazi Rufiji na Kibiti. Nani alihifadhi nini, kwa ajili ya nani? Hayo ni maswali ya bungeni, na majibu yake yanatakiwa yawafikie watu kabla maji hayajafika.

Kurudishwa kwa jina

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichorithi TANU, ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi. Kiongozi akaruhusiwa tena kumiliki nyumba na kupangisha. Mwaka huohuo, nchi ikiadhimisha miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama lilimtaja Bibi Titi kama shujaa wa mapambano ya uhuru. Chama kilirudisha jina lake mwaka uleule kilipokubali kwa vitendo jambo alilolikataa mwaka 1967.

Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 mjini Johannesburg. Barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam iliyokuwa ikiitwa UWT sasa inaitwa kwa jina lake.

Rekodi yake nzima naipima hivi. Kama mjenzi wa chama hakuwa na mfano. Kama mbunge wa jimbo alishindwa, na walioamua hivyo walikuwa na haki. Kama mhafidhina alikuwa sahihi kuhusu nyumba mapema kwa miaka 24, na gharama yake alilipa yeye, wala hakumsukumia mpiga kura wake. Kipimo hiki cha mwisho ndicho ningependa kiwekwe mbele ya kila anayeomba kura huko. Leo Kibiti ni wilaya yake yenyewe na ina mbunge wake. Mahege, iliyo ndani ya wilaya hiyo, iko karibu zaidi na kiti kuliko ilivyokuwa mwaka 1965. Mgombea atakayefika kwa mashua kuomba kura aulizwe kwanza ni kitu gani cha watu wa hapa hatakubali kiachwe, hata chama chake kikimtaka akiachie. Kisha aulizwe anacho nini mwenyewe kitakachomwezesha kusema hapana siku hiyo ikifika.

Wenye madungu watamwelewa. Kulinda shamba ni kazi ya kukesha, na anayekesha hujulikana asubuhi, mpunga ukiwa bado upo.